Kanga Niliyoifua

Dada yangu aliporudi kazini mtoto alikuwa na miezi mitatu, na mimi, mdogo wake wa kiume, ndiye niliyeachiwa mtoto. Sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na niliishi kwake Shinyanga nikisubiri barua ya kupangiwa kituo cha kazi. Shemeji alikuwa Maganzo akichimba almasi na wenzake. Alikuja mara moja kwa mwezi, mara nyingi mikono mitupu. Wote tulikula kwa mshahara wa dada, aliyekuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Msimamizi wake alikuwa amekwisha kumwambia, mbele ya makarani wenzake, kwamba akianza kukosa kazini kwa sababu ya mtoto, wapo wengi wanaoingoja meza ile.

Asubuhi ya kwanza alinionyesha kila kitu. Maziwa yake alikuwa ameyakamua kwenye kikombe cha bati, akakifunika kwa kisahani na kukiweka ndani ya beseni la maji ili yasiharibike. Kisha akanipa kanga aliyolala nayo, ameifunga kifuani usiku kucha.

"Akilia, mfunge na hii kwanza," alisema. "Akitulia ndiyo umpe kwa kijiko. Na hii iache ilivyo."

Mambo yakaenda hivyo hivyo. Mtoto alizika uso ndani ya kanga, akanusanusa, akaguna, akafungua mdomo. Lakini mimi si mtu wa kuridhika na jambo linalokwenda vizuri. Niliandika kwenye daftari kila saa aliyokunywa. Nilijiuliza kama kijiko kimechemshwa vya kutosha, kama alipumua haraka mno, kama ukimya wake ulikuwa usingizi au kitu kingine. Nikamwamsha mara mbili kuhakikisha kuwa amelala.

Kanga nayo ilinisumbua. Ilinuka maziwa yaliyochacha na jasho. Niliwaza kwamba dada alikataza isifuliwe kwa sababu sabuni miaka ile ilipatikana kwa foleni, na ndani tulibaki na kipande kimoja tu. Hayo niliyawaza, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine. Mwenzangu wa chuoni alikuwa amepangiwa kufundisha Geita, akaniandikia kwamba Alhamisi angepitia kwetu asubuhi, na dada nilikuwa nimemwambia. Yeye alikuwa na kituo. Mimi angenikuta nimebeba mtoto na kanga inayonuka.

Alhamisi, dada alipotoka tu, niliifua. Nilitumia kile kipande chote, nikaisuuza mara tatu, nikaianika kwenye waya. Kufikia saa tatu ilikuwa imekauka.

Mtoto alipoamka nilimfunga nayo. Alinusa, akageuza uso, akanusa tena upande wa pili. Kisha akaanza kulia kilio ambacho sikuwa nimekisikia. Nilimpa kijiko, akatema. Nikampa tena, yakamwagika shingoni. Nilimtembeza, nikamwimbia, nikafungua daftari kana kwamba humo kulikuwa na jibu. Kikombe kilikuwa kinakaribia nusu na tumboni mwake hakikuwa kimeingia hata kijiko kimoja.

Saa nne akaja bibi mmoja wa Kisukuma aliyetuuzia maziwa ya ng'ombe.

"Mwangaluka, msomi! Huyo anachinjwa?"

"Shikamoo, bibi. Anakataa maziwa."

"Marahaba." Akatua kibuyu, akavuta ncha ya kanga, akainusa. "Hii umeinunua leo?"

"Ni ya mama yake. Nimeifua asubuhi."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Basi umemfua mama mtu, kaenda na maji. Huko chuoni walikufundisha kufua tu? Mpeleke kwa mwenyewe, ng'wana huyu atakauka koo."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Wahindi wa duka la vitambaa walitoka mlangoni kuniangalia. Kwenye lango la kiwanda wanawake waliokuwa wakichagua pamba walipaza sauti: "Jamani, baba kakimbiwa!" Njia nzima nilikuwa natunga nitakachosema. Nikisema amekataa maziwa, dada atauliza kwa nini. Akiuliza kwa nini, nitalazimika kutaja kanga, kisha sabuni, kisha mgeni.

Dada alitoka mbio kabla sijamtuma mtu kumwita. Alikuwa amesikia kilio, na blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili.

"Ana nini?"

"Ana homa," nilisema.

Alikaa juu ya gunia akamnyonyesha. Mtoto akanyamaza papo hapo. Dada alimgusa paji la uso, shingo, tumbo. "Mbona hana joto?"

"Lilikuwapo."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mama, si nilisema?"

"Mtoto anaumwa, mzee," dada alijibu, bila kusita hata kidogo. Alisema hivyo kwa sababu aliniamini.

"Basi mpeleke hospitali. Uniletee cheti."

Hospitalini muuguzi alimpima, akamgeuza, akampima tena. Mtoto alimchekea. Hakukuwa na homa, wala cheti. Tukarudi nyumbani. Dada alipomfungua mtoto aliikunja ile kanga, akaisogeza puani, akainusa. Kisha akaenda kutazama pale tulipokuwa tukiweka sabuni.

"Mgeni wako alikuja?" aliuliza.

"Hapana." Baadaye aliniandikia kwamba basi lake lilipita moja kwa moja.

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye sehemu ya kwanza na ya pili. Hakuuliza tena.

Kesho yake alirudi na barua ya onyo. Nilimuuliza alimwambia nini msimamizi.

"Nilimwambia nilimgusa paji la uso mimi mwenyewe, nikadhani ni homa."

"Ungemwambia ni mimi."

"Halafu akufanye nini, na wewe hata kazi huna?" Hakusema kwa kunidharau, na ndiyo maana maneno yale hayajanitoka.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilipanga kusema wakati wa chakula, kisha baada ya chakula, kisha barua yangu ya kituo ikaja nikaondoka. Najua alikuwa anajua. Sijawahi kulitamka neno lenyewe.

Ila asubuhi ya Jumamosi ya wiki ile ile, kabla ya kwenda kazini, aliifungua kanga kifuani kwake. Alikuwa amelala nayo siku mbili mfululizo na maziwa yalikuwa yameanza kuchora ramani yake upya juu ya maua. Akanikabidhi ikiwa bado na joto la mwili wake. Nilinyoosha mikono yote miwili, nikaipokea nikiwa nimeangalia chini.