Sauti ya Wifi Yangu Verna Iliyokimbizwa

Wifi yangu Verna Tuckett aliwapikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, katika jiko moja la shule mtaani Harehills, na alipostaafu miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba kila jozi ya viatu ilibidi ipasuliwe pembeni. Nayaandika haya kwa sababu wajukuu wetu wanasimuliana habari zake kwa kubahatisha, na sisi akina Liburd si watu wa kusimuliwa hivyo.

Alizaliwa katika ukoo wa Liburd, kisiwani St Kitts, huko Karibi. Alikuja Leeds, Uingereza, akiwa na miaka kumi na minane, akimfuata kaka yake Hesketh, ambaye baadaye alikuwa mume wangu na shemasi wa kanisa letu hapa Chapeltown. Verna aliolewa na Tuckett, fundi wa mabasi, ambaye Jumanne moja aliondoka na redio ya nyumbani asirudi tena. Nyumbani kwetu mtu huyo hatukumtaja.

Verna aliimba kanisani na aliimba jikoni. Alikuwa na sauti nzito, ya kujivuta, kama mtu anayepandisha ndoo kisimani. Watoto waliosimama foleni na sahani zao waliisikia juu ya kelele za masufuria. Mmoja wao alikuwa Darren Holroyd, mvulana wa Kizungu wa mtaa wa nyuma. Alipokua, yeye na rafiki yake Ian Sugden walijaza mashine za muziki katika chumba kimoja juu ya duka la mazulia, na Ijumaa moja ya mwaka 1990 wakamwomba Verna akaimbe. Alipanda ngazi za orofa nne akitoka kazini, akaimba mstari mmoja mara sita, wakampa samaki na chipsi, akarudi nyumbani kuloweka miguu.

Mwaka uliofuata ilitoka albamu yao ya kwanza, *Joto la Mabomba*. Wanaoyajua mambo hayo wanasema ndiyo iliyowafundisha vijana wengi wa nchi hii kwamba muziki wa dansi unaweza kutengenezwa chumbani kwa mashine, bila bendi. Mimi sikuwa na sikio la kuhukumu. Ninachokijua ni kwamba kabla haijatoka Ian alimletea Verna fomu atie saini, jina lake lichapwe kwenye jalada, naye akaja nayo mezani kwetu baada ya ibada ya Jumapili.

"Jina letu haliendi kwenye ngoma za walevi," Hesketh alisema.

"Mimi ni Tuckett, kaka."

"Wewe ni Liburd hata ukiolewa na mfalme. Kula chakula."

Verna alikula. Jibu la kumpelekea Ian niliandika mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri: Bi Tuckett hahitaji kutajwa. Niliona ni sahihi. Shemasi ana watu wanaomtazama.

Basi wimbo ukaenda duniani bila yeye. Katika video yake alionekana msichana mwembamba, Kirsty Ambler, akifungua na kufunga mdomo kwa sauti isiyo yake. Miaka ile ndivyo walivyofanya. Mwenye sauti alibaki nyumbani, mwenye kiuno akaenda kwenye televisheni. Verna aliusikia harusini, kwenye maduka ya nguo, hata kwa daktari wa meno. Alirudi jikoni kukoroga kastadi.

Hesketh alifariki mwaka 2009. Ian naye alifariki. Halafu, mwaka 2016, gazeti likaandika kwamba *Joto la Mabomba* itatolewa upya, na safari hii kila aliyeshiriki atatajwa. Kwenye sauti walitaja Kirsty Ambler. Verna, ambaye sijawahi kumwona akidai hata kiti, alichukua kalamu akamwandikia Darren. Aliniambia baadaye.

"Unataka nini, Verna, kwa umri huu?" nilimuuliza.

"Nataka jina langu, wifi. Basi."

Darren alikuja sebuleni kwangu Jumatano. Alikuwa mtu mzima mwenye upara, na masikio yake yalikuwa yameharibiwa na ngoma hata ikabidi tuongee naye kwa nguvu. Verna alimsogezea samaki wa chumvi na maandazi.

"Bado unanipimia chakula kwa macho, Bi Verna."

"Ulikuwa unazunguka foleni mara mbili ukidhani sikuoni. Kula, umekonda kila mahali isipokuwa tumbo."

Alicheka, kisha akaweka uma chini. "Nimekuja mwenyewe kwa sababu barua haifai. Nakumbuka uliimba. Lakini kukata na kuunganisha sauti ilikuwa kazi ya Ian, na wiki ile Kirsty aliimba pia. Sauti ya kwenye santuri ni nyembamba, mama. Ni ya msichana. Yako haikutumika. Orodha inachapwa Ijumaa, na siwezi kumwondoa mtu kwa kumbukumbu tu."

"Napumua katikati ya neno," Verna alisema. "Pale mwanzo. Ni zile ngazi zenu."

"Kila mwimbaji hupumua."

Verna alifumba macho. Nilidhani ameacha. Alikuwa na sura ile aliyokuwa akirudi nayo kazini, ya mtu ambaye hata kubishana kunamtaka asimame. Kisha akasema, "Umeileta?"

Darren alikuwa nayo kwenye mfuko, santuri ya zamani ya wimbo ule.

"Iweke kwenye gramafoni ya kaka. Uipunguze mwendo."

Gramafoni ya Hesketh haikuwahi kupigwa chochote isipokuwa nyimbo za dini, na nilisita. Darren naye alisita, kwa sababu nyingine. Kazi yake maisha yote ilikuwa kuongeza mwendo. Miaka ishirini na mitano alikuwa ameupiga wimbo ule katika kumbi za nchi nzima, kila mara akiukimbiza kidogo zaidi ili watu wasikae. Haikuwahi kumjia kuupunguza mwendo.

Santuri ile ilikuwa ya kuzunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Akasukuma kijiti kwenye thelathini na tatu, akaweka sindano.

Ngoma ilianguka chini, nzito, kama mtu mnene akishuka ngazi. Kisha sauti ikaingia. Ian alikuwa ameikimbiza ili iende sambamba na mashine zake, na sauti ikikimbizwa hupanda na kuwa nyembamba. Sasa ilikuwa imerudi pale ilipotoka. Ilikuwa Verna wa jikoni, Verna wa kwaya, akivuta neno, akikatika katikati kutafuta pumzi, akimaliza. Hata hatua zake za kichovu ungezihisi. Mtu yeyote wa kanisani kwetu angeitambua kutoka barabarani.

Darren aliinamisha sikio lake lenye nafuu karibu na spika. Wimbo ulipokwisha aliurudia. Halafu akakaa.

"Nisamehe," alisema.

"Kula. Kinapoa."

Akatoa kalamu. Mimi ndiye niliyesema kwanza. "Andika Verna Liburd. Ndilo jina la baba yake, na ndilo linaloheshimika hapa mtaani."

"Hapana, wifi," Verna alisema.

"Yule mwanamume alikuacha, Verna. Utampa heshima hii ya nini?"

"Akina Liburd waliulizwa mwaka ule, wakasema hawamo. Siwezi kuwalazimisha." Alikuwa anasugua goti lake, bila hasira yoyote. "Tuckett hakuulizwa, kwa hiyo hakukataa."

Darren alinitazama, kalamu juu ya karatasi, kana kwamba ruhusa ni yangu. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita na sijawahi kukosa jibu mbele ya mtoto wa watu. Nilimwambia aandike anavyoambiwa, na kwamba mwishoni kuna t mbili.

Albamu ilifika Septemba. Jina la Kirsty limebaki kwa wachezaji wa video. Kwenye sauti wameandika Verna Tuckett, kwa herufi ndogo ambazo Verna alishindwa kuzisoma, nikamsomea. Alisema vizuri, akaenda kulala ingawa ilikuwa mchana.

Nimeisoma orodha nzima mara mbili. Liburd hatumo.