Mruko Ambao Herieth Hataki Kuugawa

Saa tisa alasiri, Jumapili, mafundi makochi wa Manzese wamepumzika na karakana yao imegeuka ukumbi wa mazoezi. Magodoro yameegemezwa ukutani kupunguza kelele. Katikati, vijana wanne wa Nondo, bendi inayopiga panki, ile rock ya kasi na makelele, wanaanza wimbo wa tatu.

Herieth Eliaichi (34) amepiga goti nyuma ya kochi lisilo na kitambaa, kamera jichoni. Habonyezi. Ghafla Stephano, mwimbaji, anaruka. Herieth anamnasa hewani.

Hatua mbili pembeni, Farhan, mpiga picha za matangazo mwenye kamera mbili, anabonyeza Stephano akiwa ameshatua.

Siku za kazi Herieth hupiga picha za pasipoti katika kibanda chake. Siku nzuri humwingizia Sh30,000. Jumapili zake, kwa miaka mitatu, amezitoa kwa Nondo bila malipo. Alikuwapo walipozomewa kwenye sherehe ya kipaimara Kibamba hadi wakazimiwa umeme.

Mwezi uliopita bendi ilipata mfadhili wa albamu ya kwanza. Mfadhili akamleta Farhan apige picha ya jalada. Stephano alimtetea Herieth, ikakubaliwa kwamba wote wawili wapige onyesho la Jumapili ijayo, kila mmoja alete picha moja ya mruko, na bendi ichague.

“Wivu ninao, andika hivyohivyo,” anasema Herieth. “Yeye kawakuta wana ngoma. Mie niliwakuta wanapiga ndoo.”

Silaha yake ni dalili ndogo ambayo mwili wa Stephano huionyesha kabla ya kuruka. Ilimchukua mwaka mzima kuigundua. Stephano mwenyewe haijui.

Wakati wa mapumziko Farhan anamsogelea kwa adabu. “Dada, huyu jamaa anarukaga saa ngapi?”

“Muulize mwenyewe, mdogo wangu. Miguu ni yake.”

Bendi inacheka. Farhan naye anacheka, kisha anabadilisha lenzi.

Herieth anakiri kwamba kwa kucheza na mwanga, Farhan amemzidi, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Akishinda, jina lake litachapwa kwenye jalada, na jalada hilo atalitundika kibandani, juu ya picha za pasipoti. Baada ya hapo, anasema, atamfundisha Farhan ile dalili bure.

Kabla ya hapo, hapana. Ameomba isitajwe hata katika simulizi hii.

“Gazeti lenu linatoka Ijumaa,” anasema. “Na yule kijana anasoma.”