Nambari za Mwalimu Sefanaia

"Shangazi, faili ikifutika inakwenda wapi?"

Lupe aliuliza hivyo akiwa na miaka tisa, mkononi kipande cha tikiti. Shangazi yake, Kalolaine, alikuwa ameng'ata bisibisi, akaendelea na kazi. Hapo Neiafu, visiwani Tonga, shangazi haulizwi mara mbili, basi swali likalala.

Kalolaine hutengeneza kompyuta barazani kwake, ameketi mkekani. Jumamosi moja mwaka huu Sefanaia, mwalimu wa kwaya, alimletea yake imezungushiwa taulo.

"Ilikataa kuwaka, nikaiwekea mfumo mpya mwenyewe," alisema. "Sasa inawaka vizuri sana, dada. Ila haina kitu."

"Ulitoa nakala kwanza?"

"Ningetoa, ningekuwa hapa?"

Zilikuwa nyimbo alizotunga kwa miaka kumi na miwili, ukiwemo wa mkutano mkuu wa kanisa, uliobakiza wiki mbili. Kichwani alibaki na sauti yake ya besi tu.

"Umeifanyia nini tangu hapo?"

"Nimeanza kurudishia filamu zangu. Isikae tupu."

Kalolaine aliizima papo hapo. "Mwalimu, kila unachoingiza kinakanyaga nyimbo zako. Isiguswe."

"Basi kesho mapema…"

"Kesho Jumapili. Kesho iombee."

Jumapili hakuna anayeshika kazi, na safari hii desturi ilifaa. Kalolaine alikula, akalala. Kompyuta nayo ililala, hakuna kilichoandikwa juu ya kitu.

Jumatatu aliitoa diski, akaiunga kwenye mashine yake isomwe tu, isiandikwe kitu. Hadi mchana zilikuwa zimetoka faili elfu nne, zote zimepoteza majina. Programu ilizigawa: picha huku, barua kule, na fungu kubwa kabisa ikaliita takataka. Fundi wa ng'ambo angelifuta. Kalolaine akafungua faili moja ya humo. Nambari tupu, mstari chini ya mstari, na nukta katikati.

Akacheka peke yake. Nambari hizo amezisoma kwenye ubao wa kanisa tangu hajaota meno ya ukubwani. Watonga huimbia hizo badala ya noti. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kuimba sauti ya pili, taratibu. Mlangoni besi ikamwitikia.

"Huo tulimzikia mjomba wako," alisema Sefanaia, akivua viatu. "Fungua mwingine."

Wakaimba faili moja baada ya nyingine, kila moja wakiipa jina lake, hadi wakaufikia wimbo wa mkutano. Ulikuwa mzima, isipokuwa nusu ukurasa wa sauti ya tatu.

"Umeliwa na filamu gani?" Kalolaine aliuliza.

"Ya ndondi."

"Basi sauti ya tatu wajipiganie."

Sefanaia aliutunga upya ule upungufu hapo hapo mkekani, akasema umekuwa mtamu kuliko wa kwanza.

Siku ya mazoezi Lupe, sasa wa kidato cha nne, alikabidhiwa karatasi yake ya sauti ya kwanza. Akaigeuza huku na huku kama inayotoka safari. Shangazi yake akamwinamia sikioni.

"Lile swali lako la tikiti. Faili haiendi popote, mwanangu. Inabaki palepale, imepoteza jina tu. Wewe usiiwekee filamu juu."