Sakania na Kurudi Kabla Umeme Haujakatwa

Nilikwenda Sakania kwa sababu dada yangu Bwalya alikuwa anamwoza mwanawe, na pia kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa. Figo zangu zimeacha kazi. Kila Jumanne na Ijumaa nalala kando ya mashine katika hospitali moja ya Lubumbashi, inanisafisha damu. Mtu wa namna yangu haendi mbali, kila mtu aliniambia hivyo, na ndiyo maana nikazidi kutaka kwenda.

Ijumaa, nilipotolewa sindano, muuguzi wetu Madame Kayumba alisimama mbele yangu kama askari wa mpakani.

“Papa Feza, sikia muzuri. Mvua iko nanyesha, barabara iko mubaya. Kama unakwama kule, mayi ya kunwa kidogo tu, chumvi hapana, ndizi na maharagi hapana kabisa. Vile vinaweza simamisha roho yako. Na utupatie namba ya simu ya kwenye utalala.”

Nikampa namba ya Bwalya, huku nikinung'unika kwamba hata mwizi wa benki hafuatiliwi hivyo. Nyumbani nilimkuta mke wangu, Mama Feza, amefunga mfuko wa hatari: dawa, karatasi ya hospitali, mkate mweupe, sukari na peremende za kudanganya kiu. Nilitafuta humo kitu kitamu cha kweli. Hakikuwemo.

Jumamosi alfajiri tulipanda gari la kukodi. Hadi Kasumbalesa lami ilitubeba vizuri, kisha tukaingia kwenye udongo mwekundu, na dereva wetu Dodo akaanza kuendesha kwa kusali. Alasiri tukashuka Sakania, ngoma zikiwa zimeshapamba moto.

Bwalya alinikumbatia, akanipa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho nilikuwa nakiota usiku. Nikanywa polepole. Mke wangu alipoingia ndani kumsalimia bibi harusi, nikasogea kwenye pipa na kujaza kikombe cha pili. Hapo kipaza sauti kikaunguruma:

“Attention! Ule papa wa koti ya kijani, kaka ya mama ya bwana arusi, muntu asimupatie tena kintu ya kunwa! Figo yake iko malade!”

Harusi nzima ikageuka. Mama mmoja mzee aliyeketi karibu na pipa alinipokonya kikombe, akakinywa chote, akinitazama machoni.

“Ni nani alimwambia yule wa kipaza sauti?” nikamuuliza mke wangu baadaye.

“Miye. Hii ni tahadhari,” akajibu. “Batu yote banasikia.”

Jumapili asubuhi simu yangu ilikuwa kimya, maana huko mpakani inapenda kuhamia mtandao wa Zambia. Iliyolia ni ya Bwalya. Alisikiliza, uso ukambadilika, akanipa. Alikuwa Madame Kayumba.

“Papa Feza, mardi batakata courant ku hospitali, banatengeneza. Bagonjwa ba mardi banapita kesho. Kesho, unasikia? Anza njia leo.”

Yaani Jumanne umeme ungekatwa, na zamu yangu ya mashine ilikuwa imeletwa Jumatatu. Tukaondoka bila hata kuaga wakwe.

Baada ya Mokambo njia ilifungwa. Lori lililojaa ndizi lilikuwa limezama topeni, limekaa upande kama ng'ombe aliyegoma. Dereva wake, akiona mzigo utaoza, akaanza kuwagawia wasafiri. Watu wakala na kucheka kwenye mvua. Mke wangu akapanda kilima kutafuta mtandao ili aiarifu hospitali. Nikabaki garini na ndizi moja iliyoiva, ya bure. Nikaimenya.

Mama Feza aliporudi aliiona. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vimeshanibana, na nilipotaka kujitetea pumzi ikanikatikia katikati ya neno. Hakufoka. Angefoka ningeila.

“Kula,” akasema. “Lakini uniambie kwanza, mtoto wetu Feza nitamwambia nini?”

Nikampa Dodo ndizi ile. Nikala mkate na sukari, nikamumunya peremende, na kwa mara ya kwanza katika safari ile niliogopa. Tukalala garini.

Jumatatu asubuhi trekta la wachimba kokoto lilikuja na kebo, likalivuta lori pembeni. Kasumbalesa tukakuta msururu wa malori hauna mwisho. Mke wangu akashuka, akatangulia kwa miguu akipunga karatasi ya hospitali: “Malade! Malade ya figo! Mutupishe!” Madereva wakasogea. Ili kumsaidia nikalegeza shingo na kutoa ulimi.

“Usizidishe,” akanikemea kupitia dirishani. “Batasema umeshakufa, tutakosa njia.”

Jioni tukafika Lubumbashi. Madame Kayumba alikuwa amepokea habari yetu ya kilimani, akaniwekea mashine ya mwisho. Alinipandisha kwenye mizani, akasoma, akasoma tena.

“Papa Feza, haukuongeza kilo mingi vile nilikuwa naogopa. Ulikuwa ku arusi ao ku gereza?”

“Kote kuwili,” nikasema. Akacheka, akanichoma sindano.

Jumanne umeme wa hospitali ulikatwa kweli. Mimi nilikuwa nyumbani, miguu imenywea, pumzi imerudi. Nilikuwa nimedhani yale maonyo yote ni kamba ya kunifunga nisitoke. Kumbe kama Madame Kayumba asingejua ninakolala, ningeendelea kula harusi hadi mashine izimwe, na mngekuwa mnasimuliwa safari hii na mtu mwingine. Mgonjwa wa mashine anaweza kusafiri, ila aache watu wajue aliko na hali yake ikoje.

Nikamkumbusha mke wangu kwamba Bwalya ana mtoto mwingine wa kiume, naye ameshapata mchumba.

Akauvuta ule mfuko wa hatari, akaanza kuhesabu peremende zilizobaki.

“Arusi ni siku gani?” akauliza.