Kobe Aliyepakwa Mafuta ya Kukamulia

Mimi mdomo wangu hauna breki, na pale mtaani kwetu Pioneer kila mtu anajua. Ndiyo maana siku ile jirani aliponiita nimwangalie kobe wake, nilijiapia njiani kwamba leo nitaongea polepole, kama mtu aliyelelewa.

Jirani mwenyewe ni mama mtu mzima, mjane. Marehemu mzee wake alikuwa dereva wa lori la njia ya Lodwar, na ndiye aliyemleta kobe huyo, kwenye kebini, akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Mzee alienda, kobe akabaki. Na mimi nafuga kobe, tena mtaa mzima ni sisi wawili tu, kwa hiyo tunaitana kwa mambo ya makobe vile wengine wanaitana kwa mambo ya chama.

"Ameacha kula," aliniambia hata sijakaa. "Hebu muone, halafu unywe chai."

Kobe alikuwa jikoni, ndani ya katoni iliyowekwa juu ya simiti, na alikuwa anang'aa. Kumbe kila asubuhi Mama anampaka mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe, ambayo huku kwetu tunapaka pia midomo, visigino, watoto, chochote kinachokauka. Kando yake kulikuwa na sahani ya ugali uliolowekwa kwa maziwa. Nikamwinua. Macho yamevimba, puani mapovu. Nikabonyeza gamba kwa kidole gumba, likabonyea. Gamba la kobe mzima halibonyei hivyo. Nilimrudisha haraka kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda, na nilitaka kumwambia Mama pale pale kwamba anamuua.

Lakini utamwambiaje? Huku kwetu ukipenda mtu unampa maziwa, awe mgeni, awe mgonjwa. Na baridi hii ya Julai, nani atakitoa nje kitu alichoachiwa na mumewe?

Nikachukua kikombe, nikaanza kuzunguka mbuyu.

"Wangu ana upweke, Mama. Sijui kama tungewaweka pamoja mchana. Kwangu nyuma kuna jua, kuna nyasi."

"Wangu hana upweke. Ana mimi."

"Najua. Nasema tu jua."

Akaweka chupa ya chai chini. "Unataka kusema simtunzi?"

Nikisema, nimepoteza jirani. Nikinyamaza, huyu kobe hamalizi wiki.

"Hapana, Mama," nikasema. "Anaonekana vizuri tu."

Aliniangalia mpaka nikaona haya.

"Mzee wangu alipokuwa mgonjwa," akasema, akionyesha chumba cha ndani kwa kidevu, "watu walikuja wengi. Wote walikunywa chai yangu, wote wakasema anaonekana vizuri. Mimi nikaendelea kumpa maziwa na kungoja. Wewe nimekuita kwa sababu ya huo mdomo wako. Leo umeuacha wapi?"

Basi nikasema yote. Kwamba maziwa na ugali vikome, chakula chake ni nyasi na majani ya porini. Kwamba mafuta yapanguswe. Kwamba baridi ya simiti imemshika kifua, na bila jua gamba haliwezi kukaza. Kwamba aende kwa daktari wa mifugo leo hii, si kesho. Mama alisikiliza bila kunikatiza, huku akilipangusa gamba kwa ncha ya leso.

"Nimechelewa?" akauliza.

Jibu la kumtuliza nilikuwa nalo, liko tayari kabisa.

"Sijui, Mama."

"Haya," akasema. "Hata hilo hakuna aliyeniambia wakati ule."

Akambeba kobe kifuani, akavaa viatu, tukatoka. Chai tuliiacha mezani.