Kisomo cha Alasiri

Mirungi nilianza kuitafuna kwa udadisi. Niliacha shule darasa la sita, nikalala Temeke, Ukonga, Segerea, popote penye mkeka, na kila kitu nilitaka kukionja. Siku za mwanzo majani yale yalinipa maneno mengi. Baadaye yakanipa masikio mabaya: nilisikia watu wakinisema hata ndani ya feni.

Wakati huo nilikaa Mwananyamala kwa shangazi yangu, nyumba pekee iliyokuwa bado inanipokea. Alikwisha kunionya: "Ukiniaibisha tena mbele za watu, utatafuta pa kwenda."

Alasiri moja nilikuwa chumbani, siku ya pili sijalala, donge la majani limejaa shavuni. Sebuleni wanawake wakaanza kusoma pamoja kwa sauti ya chini. Harufu ya ubani ikapenya chini ya mlango. Halafu nikasikia jina langu.

Nikajua ni albadiri, kisomo cha kumlaani mwizi. Sikuwa nimeiba kitu, lakini tumbo likaanza kuvimba, kama wanavyosema humvimba mwizi. Nililishika. Lilikuwa gumu kama ngoma.

Nikatoka mbio. "Sijaiba mie! Acheni, tumbo linapasuka!"

Mate ya kijani yakaruka pamoja na maneno, yakatua mkekani, kwenye sahani ya tende, kwenye ukaya aliojitanda kichwani bibi mmoja.

"Astaghfirullah! Mbuzi huyu anacheua," akasema yule bibi, akijifuta.

"Mbuzi ana adabu, shoga, hatemei watu," mwenzake akadakia.

Shangazi hakucheka. "Hii Yasini, mwanangu. Tunakuombea wewe, akili zikurudie."

Ningeweza kuomba radhi. Badala yake nilimtazama midomo na kujiuliza nani kamtuma. Huyo aliyenilea!

"Apa kwamba si albadiri," nikamwambia. "Shika msahafu uape."

Nikanyoosha mkono niulete mwenyewe, vidole vimeganda utomvu.

"Usiuguse na mikono hiyo!"

Shangazi akauchukua, akaapa mbele ya wenzake wote, mwanamke mzima, kwa mtoto aliyemwogesha. Kisha akaufunika kwa kitambaa chake na kuniambia polepole, "Nimeapa. Sasa nenda."

Nilivaa kandambili. Sikumwamini bado, na taya zilikuwa zinaendelea kutafuna.