Kahawa Kwenye Shamba la Bwasa

Emérence wa Nyalukemba alitaka kazi ya kuandika sera za kilimo wizarani Kinshasa, na hakuona haya kuitaka. Mstari mmoja wa sera, alisema, unaweza kushibisha mkoa mzima au kuulaza njaa. Sasa kazi ilikuwa karibu: mkurugenzi Déogratias, aliyetoka Kinshasa, alimwahidi kiti ofisini kwake mara tu sera mpya ya kahawa itakapopitishwa.

Rasimu aliiandika Emérence mwenyewe. Humo aliweka onyo: wanawake wengi wa kwao Bushi hulima kwa bwasa, yaani shamba la kukodi kwa msimu, na mlimaji wa bwasa hapandi mti, hata wa kahawa. Akipanda, amejifanya mwenye ardhi, na atafukuzwa. Wakubwa wakalifuta onyo. Eti linarefusha maneno! Watu ambao hawajawahi kushika jembe, ila la kupigia picha!

Sera haijapita bado, miche ya majaribio ikagawiwa kijijini Nyantende. Mama yake Emérence, Maman Mapendo, akaipanda katika shamba lake la bwasa. Mwenye shamba alipoiona aliing'oa, akang'oa na mihogo, akamwambia aondoke.

"Lakini maman, unajua bwasa haipandwe muti!" Emérence alifoka kwa uchungu.

"Najua. Lakini walisema ni wewe uliandika. Nikawaza, mutoto wangu alisha sikilizana na benye mashamba."



Siku ya kupitisha sera, wageni walijaa ukumbi wa hoteli moja mtaani Nguba, soda mezani. Mambo haya hayapigiwi kura, hupigiwa makofi. Déogratias aliposema, "Tupitishe!", ukumbi ulirindima. Emérence hakupiga. Alisimama akasimulia yaliyompata mama yake, mpaka makofi yakafifia.

Déogratias akamsogelea. "Mademoiselle, unataka kazi ao hautaki?"

"Naitaka, Papa Directeur. Ni juu ya ile kazi sipige makofi."

Wakamshukuru kwa mchango wake, kama anavyoshukuriwa mtu asiyetakiwa tena. Makofi yakaanza upya, sera ikapita, na kile kiti hakikutajwa tena.

Jioni alimkuta mama yake kando ya barabara ya Nyantende, jembe begani, hana pa kulima. Mama hakuuliza habari za Kinshasa.

"Walikusikia?"

"Walisikia muzuri, maman. Njo maana walipiga makofi kwa nguvu."